Nyiragongo ya Kichwa Chini

Kwenye kona moja ya Katoyi, hapa Goma, mbele ya meza ya Mama Sidonie muuza kahawa, kuna ubao uliolazwa juu ya mawe mawili ya volkano. Asubuhi ile walikaa wawili wa kila siku: Kambere wa Butembo, fundi wa simu tunayemwita Voltage, na Muzee Mirindi, karani wa zamani kutoka Bukavu, tunayemwita Methali kwa sababu anazo nyingi na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Mwalimu Josias akatokea, chaki mpaka kwenye nyusi, akaomba kahawa kabla ya kusalimia. Hapo tukajua kuna jambo.

Alieleza. Shule imepata projekta. Fundi aliyeileta aliifunga juu darini, kwenye plafond, akaenda zake Beni. Na leo inspecteur mupya anakuja kutazama somo la volkano. Yule wa mwaka jana aliandika kwamba Josias anafundisha kama mutu wa zamani, na neno hilo lilimkaa rohoni mwaka mzima. Sasa ameiwasha mashine, picha imetoka kichwa chini. Nyiragongo inaning'inia, lava inamwagikia mbinguni. Mutoto mumoja alipiga makofi, akasema afadhali hivyo, safari hii haitafika kwetu.

— Ulibonyeza-bonyeza? akauliza Voltage.

— Nilibonyeza yote. Sasa inaandika Kichina.

Voltage alikunywa kwanza.

— Mwalimu, ile mashine haina kosa. Waliitengeneza kwa ajili ya batu ba juu ya ikweta. Sisi hapa Goma tuko chini ya mustari. Ipeleke kwetu Butembo, itasimama sawa.

— Butembo? Na inspecteur anafika saa ine?

— Haraka haraka haina baraka, akasema Muzee Mirindi.

Yeye aliona kosa liko kwenye ukuta.

— Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maana yake, mujenge ukuta mwingine, musingi ukae juu.

Voltage akapinga kwa heshima. Ukuta ni kazi ya mwezi. Heri kugeuza batoto, walale kwenye mabenchi, vichwa vining'inie. Muzee aliogopa damu itajaa vichwani. Voltage akamjibu kwamba ndivyo akili inavyoshuka mahali inapotakiwa. Mama Sidonie, asiyeingilia kamwe, akasema basi na inspecteur alazwe, asije akaona batoto ndio wamekosea. Jambo hilo lilionekana zito. Wakaanza kubishana nani atamshika miguu.

Kahawa ya pili ilikuwa imemiminwa alipofika mama mumoja, Marcelline, na pulova ya binti yake aliyoisahau nyumbani. Alisalimia wote, kisha akamtazama Josias.

— Mwalimu, samahani. Kama wewe iko hapa, nani iko na batoto?

 

Josias aliweka kikombe chini, akaondoka hatua ndefu. Hajafika mbali, jeep nyeupe ikasimama kando yake. Dirisha likashuka, mutu aliyevaa tai akauliza njia ya kwenda shuleni.

Shule iko kushoto. Tulimwona Mwalimu anainama kwa adabu, ananyoosha mkono kulia, barabara ya Sake. Jeep ikapiga honi ya kushukuru, ikaelekea Mugunga.

Josias akavua viatu, akakata kushoto, mbio.