Bwana Mogaka, Aliyejua Kila Mtu Akae Wapi

Bwana Abner Mogaka anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Septemba 1977, baada ya kulitumikia Tamasha la Simulizi za Maisha la Kisii na Nyamira kwa karibu miaka kumi na minne. Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1964, akitokea kituo cha kununulia majani ya chai kwao Gesima, alikokuwa karani wa mizani. Hajakosa tamasha hata moja.

Kwa wageni wetu wa leo, tamasha hufanyika kila Agosti shule zikifungwa. Watu wa kawaida husimama mbele ya wenzao na kusimulia maisha yao. Sharti ni moja tu: kila msimulizi awe na shahidi, mtu aliyekuwapo wakati ule, mwenye ruhusa ya kusimama na kusema, "Si hivyo." Kutafuta mashahidi ilikuwa kazi ya Bwana Mogaka. Miaka ya kwanza alikwenda kwa baiskeli mpaka Marani na Nyacheki, na baadaye kwa Land Rover ya ukumbi.

Mwaka 1966 Mzee Angwenyi wa Marani alisimulia alivyomuua chui kwa mkuki. Shahidi aliyeletwa na Bwana Mogaka, mzee wa rika lake, aliinuka taratibu akasema chui huyo walimkuta amekwisha kufa mtegoni, na mkuki ulikuwa wa kuazima. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikaanguka. Mzee Angwenyi alikubali, akasimulia upya pamoja na mtego, na safari hii akapigiwa makofi zaidi.

Kazi yake ya pili ilikuwa kupanga viti, na hii ndiyo iliyompa jina. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake. Mambo ya ndoa na uzazi hayasemwi mbele ya baba wala baba mkwe, ingawa mbele ya babu na bibi unaweza hata kuyafanyia mzaha. Sasa fikiria watu mia tatu katika ukumbi mmoja, wakisimulia maisha yao. Bwana Mogaka alikuwa na daftari lenye ukoo wa kila mtu, na kabla ya kila simulizi alijua nani abaki, nani ahamie nyuma na nani atoke nje akanywe chai. Mwaka 1969 mgeni rasmi kutoka Nairobi alisogeza viti vichache ili apigwe picha vizuri. Mama mmoja akajikuta amekaa mlangoni, na wakwe zake watatu wa kiume wakalazimika kutoka kupitia dirishani.

Bwana Shueib, mwenye hoteli ya karibu na stendi anayetupikia chai na mandazi, anakumbuka Bwana Mogaka alivyomwendea na daftari lake kuuliza heshima ya nyumba yao ikoje, ili mkewe Bi. Luul, ambaye naye ni mama mkwe, apangiwe mahali panapofaa. Bwana Shueib alimjibu kwamba kwao mama mkwe hukaa anapotaka mwenyewe, na mwenye kubisha alale njaa. Bwana Mogaka aliyaandika hayo yote kwenye daftari. Bado yamo.

Nilianza kazi hapa Januari mwaka huu, baada ya kumaliza kidato cha nne. Wasifu huu niliumaliza mwezi wa Julai, na ulikuwa unaishia hapo kwa Bwana Shueib. Ulikuwa wa furaha. Yaliyotokea Alhamisi tarehe 25 Agosti yametushtua sote, na hata sasa ninapochapa inanibidi nisimame mara kwa mara.

Siku ile ilikuwa zamu ya Drusilla, mke wa Okemwa, mwana wa Bwana Mogaka. Fomu yake ilikuwa na nafasi tupu mahali pa shahidi. Nilipomwuliza Bwana Mogaka, aliniambia niweke mstari tu, shahidi atakuja mwenyewe.

Drusilla alisimulia habari za Mei 1971, alipofiwa na mtoto wake wa kwanza siku ileile alipozaliwa. Mumewe alikuwa kazini Kericho. Uchungu ulipoanza asubuhi alimwambia mama mkwe wake, Mama Persis, mara moja. Mama Persis alituma ujumbe sokoni Gesima kwa Bwana Mogaka alete Land Rover, kisha yeye akakimbia kumwita mkunga ng'ambo ya mto. Drusilla akabaki peke yake ndani ya nyumba. Mama Persis aliporudi na mkunga kwa njia ya chini, ya migombani, mtoto alikuwa amezaliwa na amekwisha kufa. Gari lilionekana baadaye. Watu wakasema limechelewa kwa sababu Drusilla aliuficha uchungu ili amalize kuchuma chai. Wamesema hivyo miaka sita, kisimani na kanisani, na nyumbani pia. Alichotaka ni kuondolewa neno hilo. "Sikuficha," alisema. "Sina shahidi, lakini sikuficha."

Kila mwaka, anaposimama mwanamke ambaye ni mkwe wake, Bwana Mogaka hutoka nje. Safari hii hakutoka. Alichukua kiti cha kukunja, akakiweka karibu na mlango na kukaa huku amempa Drusilla mgongo. Wazee walimnong'oneza kwamba amejisahau. Mama Persis aliinuka nusu, akakaa tena. Drusilla alimwona na hakuacha kusimulia. Alipomaliza, Bwana Mogaka akasema bila kugeuka:

"Mimi ndiye shahidi. Gari lilikuwa langoni kabla ya saa nne. Nilikuwa nimekaa ndani yake."

Akaeleza kwamba alipiga honi, hakuna aliyetoka. Nyumba ilikuwa ya mwanawe, hawezi kuingia. Akangoja wanawake wamlete mgonjwa, akangoja zaidi ya saa nzima, mpaka aliposikia kilio. Ndipo akapanda na gari uani, na watu wakadhani anafika wakati ule. Hakuwasahihisha.

Drusilla alikuwa bado amesimama. Akamwita baba kwa lugha yetu, akauliza, "Tata, ulinisikia nikiita?"

"Nilisikia. Nilidhani Persis yumo ndani na wewe."

Tulikuwa tumekaa pale, watu mia tatu wenye heshima zetu, na sidhani yuko ambaye hakujiuliza angefanya nini langoni pale. Mimi nimejiuliza kila siku. Bwana Mogaka aliinuka, akaja kwenye meza yangu akaomba ile fomu. Akaandika jina lake juu ya mstari niliouchapa. Kisha akaanza kukunja viti kama kila mwaka.

Yaliyofuata huko Gesima ni ya nyumba ile na wazee wake. Inatosha kusema kwamba mbuzi amechinjwa, na kwamba Mama Persis mwenyewe, Jumamosi iliyofuata baada ya ibada ya Sabato, alisimama nje ya kanisa akawaambia wanawake wenzake kuwa mkwewe hakuficha kitu.

Kamati ilijadili kama habari hii iandikwe katika ratiba ya leo. Wengine walitaka wasifu wangu wa Julai. Bwana Mogaka alisema tu kwamba simulizi yoyote ya tamasha hili lazima iwe na shahidi, na yake isitofautiane na nyingine. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda Gesima na karatasi hizi. Drusilla alikuwa akimenya ndizi. Alinawa mikono, akasoma polepole mpaka mwisho, akarudi pale panapohusu lango. Alisema ni hivyo, ila nimesahau kitu.

"Umeandika hakuingia," aliniambia. "Andika pia kwamba hakuondoka."

Nimeandika.

Bwana Mogaka, tunakushukuru kwa viti, kwa mashahidi na kwa daftari, ambalo umeniachia na ambalo ninaogopa kulifungua. Leo nimepanga viti mwenyewe kwa mara ya kwanza, na nikikosea utanisamehe. Chako nimekielekeza kwa watu. Nenda salama Gesima, ukae vyema na wa nyumbani kwako, chai yako istawi, na Agosti ijayo uje kama mgeni, ukae unapotaka mwenyewe.

Imeandikwa na Kemuma Machogu, karani msaidizi.
Shahidi: Drusilla Okemwa, Gesima.