Pai Imekonda

MWALIMU: Haloo? Wifi, unanisikia?

FUNDI: Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza—

MWALIMU: Wifi yako, mwalimu! Za cherehani?

FUNDI: Inakwenda. Mbona unahema? Huna kipindi?

MWALIMU: Ninacho, niko mlangoni. Ni darasa la marehemu kaka, wifi. Nimepewa Jumatatu, kwa majaribio. Mkuu anakuja kunikagua sasa hivi. Nikibabaika, darasa anapewa mwingine.

FUNDI: Darasa lake.

MWALIMU: Ndilo. Nafundisha pai kama yeye. Watoto wana sahani, vifuniko, makopo, ndoo. Wanazungusha uzi ukingoni, wanaupima, wanagawa kwa kipenyo. Kila duara lije tatu na ushee. Wao wanapata mbili nukta saba! Mmoja kaniambia, "Mwalimu, labda pai imekonda."

FUNDI: [anacheka] Huyo kaka yako angempenda.

MWALIMU: Usinicheke— tulieni huko nyuma! Alikuwa anafanyaje? Si alikuwa akijaribia kwako?

FUNDI: Kwangu? Hakuna sufuria ambalo halikupimwa. Mboga inaungua, yeye na uzi wake. Mmetumia uzi gani?

MWALIMU: Mweupe. Niliutoa kwenye kikapu chako, siku ile tunakunja nguo zake.

FUNDI: Mnene kidogo? Unavutika?

MWALIMU: Ee, unavutika.

FUNDI: Mama yangu! Huo ni mpira, wifi! Mpira wa viuno vya sketi! Wanauvuta kwenye sahani, wakiuachia unajirudi. Hiyo tatu itoke wapi?

MWALIMU: Nimekwisha. Sina mwingine, na mkuu huyo anatoka ofisini—

FUNDI: Kamba za viatu!

MWALIMU: Nini?

FUNDI: Si wana viatu?

MWALIMU: Nyie! Chomoeni kamba za viatu! Upesi! Wewe, zungusha kopo. Usiivute! Pima... gawa...

FUNDI: Vipi?

MWALIMU: Ngoja. Tatu nukta moja. Wifi! Na kifuniko, tatu nukta mbili!

FUNDI: Hapo huwa anawaambia— alikuwa anawaambia waandike majibu yote ubaoni. Hata yaliyokosewa. Hafuti jibu la mtoto.

MWALIMU: Hata ya mpira?

FUNDI: Hayo ndiyo ya kwanza.

MWALIMU: Mkuu huyu hapa. Usikate, nakutia mfukoni.

FUNDI: Mimi? Wifi, nina nguo ya mtu hapa—

MWALIMU: Shikamoo, mkuu. Karibu. Haya, kundi la dirishani, sahani yenu imetoa ngapi? ... Pazeni sauti!

FUNDI: [taratibu, pamoja na watoto] Tatu.

MWALIMU: Vizuri. Na wenye ndoo—

FUNDI: Haloo? Haloo? Jamani, salio! Wenye ndoo hawajasema.