Maneno Yalikuwa ya Veneranda

Baba Paroko, wazee wetu wa Kidahwe, majirani wa Gungu na Bangwe, ndugu mliokuja kwa boti kutoka Mwamgongo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi juani, familia ya marehemu Mzee Petero Ndizeye inawashukuru kwa kufika, na inaomba masikio yenu kwa kitambo, tumweleze binti yetu Veneranda kama alivyokuwa. Historia hii imeandikwa na inasomwa na kaka yake, Anatoli, ambaye humu atatajwa kwa jina kama watu wengine, kwa sababu yapo mambo ambayo mtu akiyasema kwa neno "mimi" huanza kujitetea.

KUZALIWA. Veneranda alizaliwa tarehe 14 Juni 1983 hapa Kidahwe, mtoto wa tano kati ya watoto sita wa Mzee Petero na Mama Catherine Bukeyeneza, waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na mkeka mmoja na mbegu za maharage, wakapokelewa na wenyeji, wakapewa kipande cha shamba, wakapanda michikichi hii mnayoiona nyuma yenu. Nyumbani kilisemwa Kirundi, njiani Kiha, na Kiswahili kilikuwa cha shuleni na ofisini, kwa hiyo watoto wote wa nyumba ile walichanganya r na l, Anatoli akiwemo, ila yeye alikuwa mkubwa, akajifunza mapema kuficha.

ELIMU. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1991 hadi 1997. Mwaka 1994, akiwa darasa la nne, aliandika insha kuhusu mama yake anavyokamua mawese, akaiacha mezani, na jioni ile walikuwepo wageni waliokuja kuleta posa ya dada yetu mkubwa. Anatoli, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye hamu ya kuonekana msomi, alilichukua daftari akawasomea wageni kwa sauti, akafika mahali palipoandikwa "mama harari mpaka mafuta yaive", yaani halali usingizi, akairudia ile "harari" mara tatu, kisha akasema, "Jamani, hiki si Kiswahili, hiki ni Kirundi kimevaa kanga." Wageni walicheka, na Veneranda naye alicheka kwa sababu wakubwa walikuwa wanacheka, kisha akalichukua daftari lake taratibu akatoka nalo nje. Mama Catherine, ambaye hakujua kusoma, alimfuata uani akamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, wewe andika tu, mimi nimeyaelewa yote." Lakini walimu waliomfundisha wanasema tangu darasa la nne hadi la saba hawakumwona binti yule akinyoosha kidole.

Aliendelea na sekondari ya kutwa mjini Kigoma, mwaka 1998 hadi 2001, akimaliza kidato cha nne kwa daraja la tatu, na hakuendelea mbele, kwa sababu alisema vyuo ni vya watu wanaojua kujieleza.

KAZI. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2006 alichapa barua katika duka la vifaa vya ofisi karibu na soko la Mwanga, barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kuomba radhi, na wateja waliokuja na maneno mawili kichwani waliondoka na ukurasa mzima uliosema walichotaka kusema. Yupo mama mmoja wa Ujiji aliyerudi kumshukuru kwamba mume wake amesoma barua na amerejea nyumbani, na Veneranda alimjibu, "Ni kompyuta, mama, siku hizi zinaandika vizuri."

Mwaka 2007 Anatoli alifungua ofisi ya matangazo pale Mwanga, ya kuchora vibao, kuchapa mabango na kuandika matangazo ya redio, akamwita dada yake aje kuchapa. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Frida wa Bangwe, ambaye tunaye hapa, aliyekuwa anatengeneza sabuni ya mawese, na Anatoli alimwandikia tangazo lililosema kwamba sabuni hiyo ina ubora wa hali ya juu wa kimataifa. Veneranda alilichapa kama lilivyo, ila asubuhi iliyofuata Anatoli alikuta juu ya meza kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, "Sabuni ya Mama Frida: weupe wa shuka ya mgeni." Alikisoma, akakipeleka redioni, na kabla ya wiki mbili kuisha wanawake sokoni walikuwa wanaomba sabuni ya shuka ya mgeni. Mama Frida alikuja ofisini akamshika Anatoli mikono yote miwili akauliza, "Baba, haya maneno umeyatoa wapi?" na Anatoli akajibu, "Ni kazi yetu, mama, ndiyo tuliyosomea," huku Veneranda akiwa hatua mbili kutoka hapo, anamimina chai.

Kuanzia siku ile hadi mwaka 2018, yaani miaka kumi na moja, kila tangazo lililotoka katika ofisi ile na likakaa midomoni mwa watu lilikuwa la Veneranda. La fundi nguo wa Katubuka, "Tunapima mara mbili, kwa sababu sherehe ni mara moja," lilikuwa lake, na lile la basi la Kasulu, "Utafika, na mgongo wako utafika," ambalo wengi wenu mmelitania na kulirudia, lilikuwa lake, na Anatoli alipokea pongezi zake zote, pamoja na cheti kutoka kwa wafanyabiashara kilichotundikwa ukutani kwa jina la Anatoli P. Ndizeye. Kila alipomletea karatasi, dada yake alisimama mlangoni akauliza, "Kaka, hii inafaa?" naye alijibu, "Acha hapo, nikiinyoosha itafaa," kisha, mlango ukishafungwa, hakubadilisha hata mkato. Alipothubutu mara moja kuuliza kama jina lake lingeweza kuandikwa chini, Anatoli alimwambia, "Vene, wateja wakijua ameandika mtu wa kidato cha nne, tena mwenye Kiswahili cha mpakani, watatukimbia," na Veneranda aliamini, kwa sababu alianza kuambiwa hivyo akiwa na miaka kumi na moja, tena na mtu yule yule.

NDOA. Tarehe 8 Mei 2010 alifunga ndoa takatifu na Bwana Marcel Ngendakumana, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ella, aliyezaliwa mwaka 2011, na Bonifasi, aliyezaliwa mwaka 2014. Marcel anasimulia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa yao alisikia tangazo redioni akamgeukia mkewe akasema, "Si haya uliyokuwa unayasema jana unakaanga dagaa?" na mkewe akamjibu, "Kaka ameyanyoosha."

Mwezi Machi 2018 chama cha wenye boti kilihitaji tangazo la kuwashawishi abiria wavae majaketi ya kuokolea maisha, kwa kuwa watu waliyakalia kama mito. Anatoli alikuwa safarini Dar es Salaam, kikao cha kulisikiliza hakikuweza kuahirishwa, na Marcel, aliyejua anachokijua, alimpeleka mkewe Kibirizi akamwambia, "Mimi nakaa hapa nje, ukitoka tutarudi pamoja, hata ukitoka mapema." Siku nne kabla ya kikao Veneranda alikuwa amekaa ufukweni na akina mama wa boti za Mwamgongo, akawauliza kwa nini hawavai, wakamweleza kwamba majaketi yananuka, yanachafua vitenge, na zaidi ya yote kuyavaa ni kujichuria, ni kama kuliambia ziwa likuchukue. Siku ya kikao alisimama mbele ya wanaume kumi na wawili, akasoma kwa Kirundi chake kilichovaa kanga, r na l zikipishana, akianza na salamu ya asubuhi ya nyumbani, "Mwakeye, mama. Mzigo ukizama utanunuliwa mwingine. Wewe unauzwa duka gani?"

Veneranda alimwambia mumewe baadaye kwamba alipomaliza tu alianza kutafuta mlango kwa macho. Ndipo katibu wa chama, Mzee Mudathir, akasema, "Soma tena, mama," naye akaomba radhi kwa matamshi yake, akasema angepatikana mtu wa kuyasoma vizuri, na Mzee Mudathir akamkatiza, "Nani atayasoma vizuri? Abiria wetu ndivyo wanavyosema. Soma hivyo hivyo." Walimrekodi kwa simu siku ile ile, na sauti iliyokuwa inatoka kwenye spika za Kibirizi kila asubuhi, mkaivalia majaketi huku mnacheka, ilikuwa yake.

Anatoli aliporudi alisikia sauti ile kabla hajafika ofisini. Veneranda alimsubiri akiwa amesimama, akamwambia, "Kaka, kuanzia leo nitaandika jina langu chini ya kazi yangu," na Anatoli, badala ya kusema neno moja la haki, alisema, "Basi nenda kaandike kwako." Alikwenda. Tarehe 4 Februari 2019 alifungua chumba chake Gungu, akaweka kibao kilichosomeka "Veneranda Ndizeye, Mwandishi wa Matangazo", na siku ya ufunguzi watu wote wa familia walikuwepo isipokuwa mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa anawaambia wateja wake kwamba dada yake amepotoka kidogo, atarudi.

Hakurudi. Msaidizi wake, Selina, anaeleza kwamba siku za mwanzo alimkuta mara nyingi ameshika simu na tangazo lililokwisha kukamilika, anashindwa kulituma kwa mteja, akisema hajui kama linafaa, na kwamba alijifundisha kulisoma kwa sauti mara moja, kulituma, kisha kwenda kufagia uani ili asilirudie. Kadiri miaka ilivyokwenda uani palifagiwa mara chache zaidi. Mabinti wa kambi za wakimbizi na wa mjini waliokuja kujifunza kwake wakimwuliza kama maandishi yao yanafaa, hakuwajibu, aliwaambia, "Yasome kwa sauti, kisha uniambie wewe," na Selina alipomwuliza woga wake uliisha lini, alisema, "Haujaisha. Nimeacha tu kuusubiri uondoke ndipo nianze."

Mwaka 2021, Mama Catherine alipofariki, wazee walimwomba Veneranda aandike historia ya mama, na Anatoli, kwa kuwa ndiye mkubwa wa kiume, aliisoma hapa hapa, watu wakalia, na baada ya mazishi wengi walimfuata kumpongeza kwa maandishi yale. Aliwaambia, "Asanteni." Dada yake alikuwa karibu anakusanya vikombe, akamtazama, akaendelea kukusanya vikombe.

UGONJWA NA KIFO. Mwezi Agosti 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Mwanza kwa vipindi, akirudi na kuendelea na kazi, hadi Desemba 2024 madaktari waliposhauri apumzike nyumbani. Tarehe 26 Januari mwaka huu Anatoli alikwenda Gungu, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akamweleza dada yake yote ambayo mmeyasikia leo, kuanzia insha hadi vikombe, akamwomba msamaha. Veneranda alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka, nimekusamehe, lakini mimi uliyoniambia nilikuwa nayajua. Waambie wale waliokupa mikono." Anatoli aliahidi kwamba angesimama kanisani Jumapili baada ya misa, wakati wa matangazo, naye dada yake akasema angeomba abebwe aje asikie.

Jumapili ya tarehe 2 Februari Veneranda aliletwa, akakaa kwenye benchi la nyuma ameegemea bega la Marcel, na Anatoli hakusimama, akajiambia kwamba kulikuwa na wageni kutoka jimboni. Tarehe 9 aliletwa tena, Anatoli akasimama, akafika mwisho wa benchi, akarudi kukaa. Tarehe 16 Veneranda hakuweza kuinuliwa, akamtuma Ella aende asikilize amletee habari, na Anatoli siku hiyo alikuwa amekwenda Kasulu, kwa shughuli ambayo haikuwepo. Jumamosi ya tarehe 22 Februari 2025, saa nne asubuhi, Veneranda alifariki dunia nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ndugu waombolezaji, kwa hiyo matangazo yale yalikuwa yake, yote, na historia ya mama yetu ilikuwa yake, na cheti kile kimeshushwa ukutani na kipo mikononi mwa Ella. Mama Frida, maneno yale hayakutolewa chuoni popote, yalitoka kwa msichana aliyekuwa anakumiminia chai.

SHUKRANI. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa hapa Kigoma waliomhudumia kwa upole, majirani wa Gungu waliopokezana kumpikia na kumwogesha, jumuiya yake, chama cha wenye boti kilichowaleta ndugu wa Mwamgongo bila kuombwa, Selina na mabinti wote aliowafundisha, na kwa namna ya pekee Bwana Marcel, aliyesimama nje ya mlango wa kikao akisubiri, wakati aliyepaswa kusimama ndani pamoja naye hakuwepo.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Lala, Veneranda, upumzike kwa amani, na utusamehe kwamba Jumapili mbili ulikuja kusikiliza, ya tatu ukamtuma mwanao, na leo, tunaposema, husikii.