Rafu ya Chini

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nilimng'ang'aniza mama mmoja akae kiti changu kwenye basi, nikijiona muungwana, mpaka akaniambia kwa upole kwamba akikaa hatainuka tena. Alikuwa mfanyakazi wa maktaba na mgongo umemgomea.

“Vitabu vizito vyote viko rafu ya chini. Nimeomba vipandishwe usawa wa kiuno, mkuu hataki. Mwezi ujao naacha kazi.”

Abiria wa kiti cha jirani akadakia kama aliyeitwa. “Mimi seremala, dada. Mkuu yuko sahihi. Uzito ukikaa juu, rafu inaanguka.”

Basi likasimama. Mama akashuka kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma cha mlango.

“Miaka kumi na tisa rafu haijaanguka, fundi. Nimeanguka mimi.”