Mama Theluthi Anaondoka, Kura Bado

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, karani mkuu wa Ofisi ya Miswada anastaafu baada ya kulitumikia Bunge kwa miaka thelathini na miwili. Jina lake kamili litasomwa kwenye cheti. Sisi tunamwita Mama Theluthi.

Alianza kama mpiga chapa. Makarani wote wapya, akiwemo mwandishi wa wasifu huu, aliwakalisha kando ya dirisha akawaeleza safari ya kurekebisha katiba: mswada huchapishwa, wananchi hupewa miezi mitatu kutoa maoni, husomwa mara tatu, kisha hupigiwa kura na kuhitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Kwenye neno “wote” hugonga meza. Sheria ya kawaida hupita kwa wingi wa waliomo ukumbini. Katiba humhesabu hata aliyetoka kunywa chai.

Hilo alilijua kwa uchungu. Miaka sita iliyopita mswada wa kumruhusu mama kumrithisha mtoto uraia, kama baba anavyofanya, uliungwa mkono na karibu kila aliyekuwemo ukumbini. Ukaanguka kwa kura nne. Waheshimiwa saba walikuwa mgahawani, wakiamini wenzao wanatosha.

Tangu siku hiyo, kengele ya kura ikilia, Mama huingia mgahawani. “Wanangu, chai haipigi kura!” Mbunge mmoja aliwahi kumsihi, “Mama, nimalizie kikombe tu.” Akajibiwa, “Kitakusubiri, baba. Mimi nimesubiri zaidi.” Mgahawa mzima ulicheka, na mheshimiwa akanyanyuka.

Binti yake ameolewa ng’ambo na mtu wa huko. Mjukuu wake huja likizo kwa viza. Kwenye uwanja wa ndege bibi humwona ng’ambo ya kamba, peke yake kwenye foleni ya wageni, mama yake akiwa foleni ya wenyeji. Kwa hiyo tulipomuuliza kwa nini katiba hubadilishwa, hakutupa somo refu. Alisema kuna mtu amebaki nje ya maneno ya katiba, na nyumbani wanamngoja.

Mswada ule umerudi. Kura ni Jumatano ijayo. Mama aliomba aongezewe wiki moja, akakataliwa. Akatania kwamba umri wa kustaafu ndio kifungu kigumu kuliko vyote. Kisha akaanza kufungasha vikombe vyake.

Mama, umetufundisha kazi na umetuvumilia. Asante. Kiti chako cha Jumatano kipo roshani ya wageni, safu ya mbele. Huko hairuhusiwi kusema neno. Kengele ikilia, mgahawani tutaingia sisi, hata mwandishi wa wasifu huu, ambaye sauti humkauka mbele ya waheshimiwa. Ameshaanza kujizoeza.

Uende salama, upumzike vyema. Na likizo ijayo, tunakuombea foleni moja.