Constant Alie au Asilie

Benchi letu liko mbele ya birika la kahawa la Mama Scholastique, pale waendesha pikipiki wa Bunia, tuziitazo moto, wanapongojea abiria wa Iga Barrière, na hakuna jambo linalopita hapo bila kuhukumiwa. Asubuhi ile katikati alikaa Constant, fundi cherehani, ndani ya koti jeusi la kuazima. Dada yake Alphonsine alikuwa azikwe mchana, na Constant hajalia hata chozi moja. Ana glaucome, ule ugonjwa wa presha ndani ya jicho ambao humpunguzia mtu uoni polepole, na alikuwa ameapa kutolia. Huko matangani wanawake walishaanza kunong'ona. Kwetu kaka wa marehemu akikaa na macho makavu, hatazamwi vizuri.

CONSTANT: — Nikilia, macho inakufa. Nisipolia, watasema njo miye niliroga yaya yangu Alphonsine. Munishauri.

DOCTEUR (ni Willy, jina alilipata kwa kulinda mlango wa pharmacie, duka la dawa): — Hapana lia. Jicho ni bidon ya maji. Ukifinya sura, pression inapanda.

TRIBUNAL (ni Néhémie wa moto, mkata kesi zetu zote): — Bidon ikijaa si unamwaga? Alie, pression ishuke.

DOCTEUR: — Machozi haitokaka mu jicho. Inatoka nyuma ya kichwa, inapitia mu sikio. Juu ya ile mutu mwenye kulia hasikiaka.

TRIBUNAL: — Basi bibi yangu angekuwa kipofu zamani. Analiaka tangu nilimuoa.

DOCTEUR: — Ule analia ya hasira. Ile iko moto, inapika jicho. Ya huzuni iko baridi, inagandisha.

SCHOLASTIQUE: — Na ya kitunguu?

Docteur alikunywa kwanza.

DOCTEUR: — Ya kitunguu haina mawazo. Ile haihesabiwi.

CONSTANT: — Lakini naona ukungu hata bila kulia. Jana nilishona fermeture, ile zipu ya pantalon ya mutu, kwa nyuma.

TRIBUNAL: — Ni mawazo inashuka mu macho. Nahukumu: alie na jicho moja, ile mubaya. Ile nzuri ifungwe na kitambaa.

DOCTEUR: — Ile mubaya ni ya wapi?

CONSTANT: — Ya kushoto.

DOCTEUR: — Basi wanawake wa matanga wakae kushoto.

Tulimfunga kitambaa, akaanza kufanya mazoezi. Alifinya sura kwa bidii akapiga chafya, kahawa ya Tribunal ikamwagika. Ndipo akafika Grâce, binti wa marehemu, aliyeshuka kutoka Mahagi kwa lori, kumwita mjomba wake. Alikitazama kitambaa, tukamweleza hukumu.

GRÂCE: — Mujomba, munganga wa macho alikukataza kulia?

CONSTANT: — Hapana. Alisema tu nisikose dawa, hata siku moja.

GRÂCE: — Na ile dawa ya matone, sasa ni nani anakutia?

Wote tulijua kwamba kila jioni, akishafunika cherehani, Constant alikwenda kwa Alphonsine, akainua uso, dada akamshika kope na kumtia dawa huku akimgombeza.

CONSTANT: — Chupa iko kwake. Sikuigusa tangu alienda. Nikijitia, inaangukia mu shavu.

Grâce alikuwa wa kurudi Mahagi matanga yakiisha. Docteur alinyoosha mkono juu ya benchi auangalie. Ulitetemeka. Tribunal akanyoosha wake, nao ukatetemeka, na mimi wangu sikuutoa mfukoni. Kahawa ya miaka yote ile ilikuwa imetumaliza.

Scholastique alimimina tone la mwisho la birika ndani ya kikombe kidogo, wala halikwenda pembeni.

SCHOLASTIQUE: — Leteni ile chupa hapa, tuanze leo. Utapitaka kwangu kila magaribi. Lakini weye Constant, ukipepesa, nitakupiga.

Constant akavua kitambaa.

CONSTANT: — Hata yeye alikuwa anasemaka vile.

Akalia, kwa macho yote mawili, na Docteur hakumkataza.