Mvumo Ulioachwa Makusudi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, walimu, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwenda kwa wakubwa. Na wewe, Fundi Kimya, unayetukabidhi leo funguo za karakana: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Kwanza niwatoe hofu. Mvumo mnaousikia nyuma yangu si hitilafu. Unatoka kwenye gita la besi lile jekundu, lililosimamishwa kando ya amplifaya mpya. Naona Mheshimiwa Mwenyekiti ameshaligeukia mara mbili. Ni umeme tu, na umeachwa makusudi. Nimepewa dakika saba kueleza kwa nini. Mimi ni mtunza stoo, si mhandisi. Ninachokijua nimekiokota kupitia dirisha la stoo, linalotazamana na meza ya Fundi, kwa miaka ishirini na miwili.

Mnajua kwa nini tunamwita Kimya? Ni kweli haongei, lakini sababu si hiyo. Katika miaka thelathini na moja hakijatoka chombo mikononi mwake kikiwa na mkwaruzo wala mvumo. Na kabla hajakaza kifuniko, huandika kwa penseli ndani ya tumbo la chombo tarehe na ugonjwa alioutibu. “Mkwaruzo umeondolewa.” “Mvumo umeondolewa.” Fungueni gita lolote la chuo hiki mtaukuta mwandiko wake, umenyooka kama cheti cha daktari.

Besi hili lilikuwa la marehemu mwalimu wetu, tuliyemwita Nyuzi Nne, mume wa Mama aliyeketi mstari wa mbele mwenye mtandio wa kijani, na baba wa Binti aliyetupigia nyimbo tatu sasa hivi. Baada ya msiba lilikaa miaka sita chini ya kitanda. Mwaka huu zilipokuja amplifaya mpya, Bodi kwa busara yake ikaamua kwamba chombo chochote cha zamani kisichoelewana nazo kiwekwe kwenye kabati la vioo pale mapokezi. Mama akalileta mwenyewe, limefungwa kwenye shuka.

“Shemeji,” akamwambia Fundi, “mwanangu anataka kulipiga. Lisije likaozea kabatini na vikombe vya mashindano.”

“Halitaozea,” Fundi akasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Akalichomeka. Jamani, lilivuma mpaka visahani vya chai vikatetemeka. Akanieleza kwa ufupi wake: waya za ndani ni za zamani, hazina kinga, zinazoa kila uchafu wa umeme uliomo chumbani. Amplifaya za zamani zilikuwa na masikio mazito, hazikujali. Hizi mpya zinasikia hata taa ikifikiria kuwaka. Mpigaji akigusa nyuzi, mwili wake unaumeza ule uchafu na mvumo unakatika. Akiondoa mkono, unarudi. Weka mkono, kimya, ondoa, unavuma. Hilo likumbukeni.

Mama akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyolipata gita lile. Mvumo ukakatika.

Fundi alikuwa upande wa pili wa meza, mikono mfukoni. Mimi nilikuwa dirishani. Binti alikuwa mlangoni. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Mama akasimulia mpaka mwisho, akanyamaza, na mvumo ukarudi taratibu, kama mtu ameinua kiganja.

Fundi alikagua waya, akakagua soketi, akazima feni. Kisha akasema, “Shemeji, hebu ongea tena.”

“Niseme nini?”

Ukakatika.

Tulijaribu wote. Mimi niliongea, likavuma. Binti aliongea, likavuma, na nadhani hilo lilimuuma. Mkuu wa Chuo alipita akaongea dakika kumi kuhusu usafi wa karakana. Lilivuma mpaka nukta ya mwisho. Mama akifungua mdomo, kimya. Fundi alizigusa nyuzi wakati mmoja kama huo, akaurudisha mkono upesi. Mimi nami nikagusa. Zilikuwa baridi kote, isipokuwa sehemu moja karibu na mkia, pale nyuzi zinapofungwa, yenye upana wa kiganja, iliyokuwa na joto.

Mama peke yake hakushangaa. “Ndivyo alivyokuwa,” akasema. “Anafanya mazoezi, mimi nikianza kuongea anazifunika nyuzi anisikie. Hakuwahi kuniambia subiri.”

Mimi naandika kila kinachoingia na kinachotoka chuoni. Siku ile nilikaa na kalamu mkononi, sikujua niandike upande gani.

Lakini kazi ni kazi. Likiendelea kuvuma, linakwenda kabatini. Fundi alipolifungua, Mama akamuuliza polepole, “Shemeji, ukishaziba huko ndani, nitajuaje kama ananisikia?” Fundi aliinamia kazi. Alitandika tumbo la gita kwa karatasi ya shaba, akaweka waya zenye kinga, vidhibiti vipya, na kibao kidogo cha betri cha kuipa sauti nguvu. Siku tatu. Alipolichomeka, chumba kilinyamaza kama kimefunikwa blanketi. Mimi nilipiga makofi.

Mama akasogeza kiti, akaongea nalo robo saa nzima. Habari za nyumba, habari za bati linalovuja. Kimya. Akanyamaza. Kimya vilevile. Akalitazama, akasema, “Haya,” akaondoka akauacha mkoba wake mezani.

Kesho yake nilimkuta Fundi amelifungua tena. Waya kuukuu hakuwa amezitupa, na mimi ndiye niliyemwambia azitupe. Akazirudisha, zikapita pembeni ya zile mpya, na chini ya kifuniko akaweka swichi ndogo. Huku njia mpya, ambayo Binti ameipigia leo na Bodi imeisikia ikiwa safi. Huku njia ya zamani, mnayoisikia sasa. Kisha akachukua penseli. Nilisubiri aende chai nikachungulia. Ameandika tarehe, na chini yake: “Mvumo umeachwa makusudi.”

Je, ni jambo dogo mtu kuivunja kanuni yake ya pekee wiki chache kabla ya kustaafu, tena kwa maandishi?

Fundi, hiyo ndiyo kazi yako nitakayoisimulia.

Sasa, Mama alikataa kupanda jukwaani. Binti, sogea mbali na gita, inua mikono watu waione. Mafundi mitambo, msiguse chochote. Mama, hapo hapo ulipo, huhitaji kipaza sauti. Mwambie tu shemeji yako neno la kumuaga.

…

Asante, Mama.

Naona hakuna anayekohoa. Na sasa mnausikia unarudi.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Yupo mmoja aliyevuma tangu nianze mpaka namaliza. Simlaumu, hakuja kunisikiliza mimi.